Tupeane uzoefu: stelingi ya pikapu kuukuu ikianza kuwa nzito

Wakuu salaam. Nina Hilux ya 1994, injini 3L, nabebea mbolea na mahindi huku Makambako. Mwezi wa pili sasa stelingi nzito, na nikikata kona taratibu inaguna kama ng'ombe mwenye kiu. Fundi akasema pampu ya stelingi imekufa. Nikanunua ya mtumba kwa hela niliyotengea tairi. Imefungwa, mguno ni ule ule. Sasa anaitaja stelingi boksi, lile boksi la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu. Kabla sijaliwa tena, nani yamemkuta?

—

Pole mkuu. Yangu iliguna hivyo hivyo, na pampu ilikuwa nzima, ila ilikuwa inakunywa hewa. Washa injini, fungua kifuniko cha kikopo cha oili ya stelingi. Ukiona mapovu, au oili nyekundu imegeuka rangi ya waridi, hewa inaingia mahali. Kagua ule mpira mnene unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu. Ule kazi yake ni kuvuta, kwa hiyo ukipata ufa mdogo unaingiza hewa na chini usione hata tone. Mimi kila asubuhi nilikuwa nalala chini ya gari kutafuta uvujaji! Mpira na klipu mbili, kazi ikaisha.

—

Kuna mguno na kuna yowe. Likipiga yowe ukikata usukani hadi mwisho, hasa siku ya mvua, angalia mkanda unaozungusha pampu kwanza, huenda umelegea au umeng'aa.

—

Mimi niko Mombasa, na yangu haikuhusu oili kabisa. Makanika mmoja mzee alipiga jeki mbele, magurudumu yote mawili hewani, injini imezimwa, akaniambia zungusha usukani. Uzito kiasi utakuwepo kwa kuwa pampu haisaidii, lakini wangu ulikuwa unakwama, unaachia, unakwama tena. Krosi ndogo, kile kiungo kinachojikunja kwenye shafti ya usukani, ilishikwa na kutu. Chumvi ya pwani hii, ndugu yangu, haina adabu.

—

Mwenzenu niliongezea oili ya breki kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Sili zote zilivimba. Naomba nisiulizwe zaidi.

—

Kwa wenye usukani unaocheza: juu ya stelingi boksi kuna skrubu yenye nati. Mafundi wengi hukimbilia kuikaza. Yangu ilikazwa, mchezo ukapungua, nikafurahi. Nikafika mlima Kitonga, nikakata kona, nikauachia kidogo usukani ili urudi wenyewe kama siku zote. Haukurudi! Niliuvuta kwa mikono miwili huku lori linapanda mbele yangu. Kilichokuwa kimekwisha ni tairodi endi, kiungo cha mwisho cha fimbo inayogeuza gurudumu. Mtu akae ndani achezeshe usukani kidogo kidogo, wewe uwe chini unaangalia ni kipi kinacheza bila kumfuata mwenzake. Dakika tano tu.

—

Mleta mada nimerudi. Mapovu yalikuwepo, tena mengi. Mpira ulikuwa na ufa chini ya klipu kabisa, pale usipoona mpaka uulegeze. Nimeweka mpya, nikabadilisha na oili yote, nimetia ATF, ile oili ya gia za otomatiki, aina ya Dexron III. Kutoa hewa nilifanya hivi: mbele juu ya stendi, injini imezimwa, kata kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, kama mara 20, kijana anaongeza oili kila inaposhuka. Kisha nikawasha, nikarudia polepole bila kushikilia mwisho, maana pale pampu inachemka. Mguno ulibaki kidogo siku ya kwanza, leo kimya. Asubuhi nimegeuza kwa mkono mmoja nikiwa na magunia kumi nyuma.

Nilimfuata fundi anirudishie pampu yangu ya zamani, ile "iliyokufa". Anasema ameshaiuza.