Mzee wangu anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Je, tunaweza kukwepa baridi kwa kwenda pwani ya Texas na trela?

Mama Tanga, Minnesota

Asalaam aleikum, habari zenu nyote. Mimi na mzee wangu tuko Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa 27 sasa. Mimi nina miaka 68, yeye 73. Nilistaafu kazi ya kutunza wazee. Yeye aliacha kuendesha basi la shule figo zilipoanza kumsumbua. Anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara.

Januari iliyopita tulikuwa tunatoka kwenda kliniki saa kumi na moja alfajiri. Ngazi zetu za mlangoni ni tatu tu, na usiku nilikuwa nimezimwagia chumvi, lakini ile ya mwisho ilikuwa imeganda upya. Akateleza, akaangukia mkono wa kushoto, ambao ndio wenye fistula, ule mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji wa kusafishia damu. Nilipiga magoti palepale kwenye barafu, nikavua glavu, nikamwekea vidole juu ya mshipa nikitafuta ule mtetemo. Sikuuhisi mara ya kwanza. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vimekufa ganzi. Mshipa ulikuwa salama, namshukuru Mungu. Tangu siku ile hadi Aprili mzee hakutoka ila kwenda kliniki. Alikaa dirishani tu.

Sasa jirani yetu Mmarekani ametuuzia trela lake la futi 24, na pikapu ya kulivuta tunayo. Yeye na mkewe walikuwa wanakwenda Rockport, Texas, kila Januari hadi Machi, kwenye kiwanja cha RV, yaani trela na magari ya kuishi, karibu na bahari. Anasema wastaafu wa kaskazini wamejaa kule, wenyeji wanawaita Winter Texans. Watoto wetu wanasema tumechanganyikiwa. Naomba ushauri kwa anayejua: matibabu yatakuwaje, bima itakubali, na nyumba yetu tuiacheje? Na je, wazee wawili wa Kiafrika tutapata wa kuongea naye?

Nesi wa Houston

Shikamoo mama. Pole sana kwa yaliyomkuta mzee. Mimi nafanya kazi kwenye kitengo cha kusafisha figo, na kila baridi napokea wageni kama nyinyi. Inawezekana kabisa, ila nawaomba mgeuze mpango: msianze na bahari, anzeni na kiti. Kiti cha dialisisi, yaani cha kusafishiwa damu, kikishapatikana, ndipo mtafute kiwanja cha kuegesha trela karibu nacho.

Nenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa kliniki yenu, kila kliniki ya figo anakuwepo. Mwambie mnataka kiti cha mgeni karibu na Rockport au Corpus Christi, mji mkubwa ulio umbali wa kama maili 30. Atatuma maagizo ya daktari, vipimo vya karibuni na majibu ya homa ya ini aina ya B. Mpeni miezi miwili au zaidi, kwa sababu Januari viti hujaa wazee wa kaskazini. Mkubali pia kwamba siku zinaweza kubadilika, mkapewa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Kuhusu bima: kama mna Medicare ya asili, ile bima ya serikali ya wazee, italipa kwenye kituo chochote cha dialisisi kinachotambuliwa na Medicare, jimbo lolote. Kama mko kwenye mpango wa Medicare Advantage, unaoendeshwa na kampuni binafsi, dharura italipwa popote Marekani, na dialisisi pia mkiwa nje ya eneo lao kwa muda, lakini matibabu mengine ya kawaida nje ya mtandao wao wa hospitali na madaktari ni suala jingine. Wapigie, na ombeni jibu kwa maandishi. Dirisha la kubadilisha mpango ni 15 Oktoba hadi 7 Desemba, ila mama, nakusihi usibadilishe kwa haraka: ukitoka Advantage, kampuni ya bima ya nyongeza inaweza kumkataa mgonjwa wa figo, na ile asilimia 20 isiyolipwa na Medicare ikawaangukia nyinyi. Washauri wa bure wapo, kwenu Minnesota wanaitwa Senior LinkAge Line. Ongea nao kwanza.

Bi Kisauni

Dada yangu, nauliza kwa mapenzi. Pesa zote hizo za trela na mafuta, kwa nini msipande ndege mkaenda Tanga? Januari ni kaskazi, jua tele, ndugu wapo. Mzee akae barazani na wenzake.

Mama Tanga, Minnesota

Dada, hilo ndilo tulilolia nalo kwanza. Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani. Mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, kutoka mfukoni, hatuna uwezo huo. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, "Kama siwezi kurudi kwenye bahari yangu, nipeleke kwenye bahari yoyote." Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya ninunue trela.

Dereva wa I-35

Shikamoo mama. Njia naijua, nimepiga lori miaka 14. Barabara kuu ya I-35 inaanzia Duluth kwenu huko, inashuka Des Moines, Kansas City, Oklahoma City na Dallas hadi San Antonio. Hapo unashika I-37 kwenda Corpus Christi. Ni zaidi ya maili 1,300. Ukiwa na trela nyuma, mzee wa miaka 73 asipite maili 300 kwa siku.

Sasa piga hesabu. Mzee akimaliza Ijumaa, lazima awe kwenye kiti Jumatatu. Kwa mwendo huo hamfiki. Mkiharibikiwa na tairi Oklahoma, au barabara ikiganda Iowa, siku zinapita na maji yanajaa mwilini. Nakuomba kama mwanao: trela liendeshwe na kijana wenu, nyinyi wawili pandeni ndege.

Nesi wa Houston

Namuunga mkono dereva kwa moyo wote. Ule mwanya wa mwisho wa wiki ndio unaotutia hofu zaidi sisi wa kitengo hiki. Usiurefushe hata kwa siku moja.

Mzee wa Rockport

Karibuni sana. Mimi ni wa Bukavu, mke wangu wa Bujumbura, tuko St. Louis, na huu utakuwa msimu wetu wa sita pwani hii.

Kwanza mjue baridi ipo. Kule upepo wa kaskazini si kaskazi yenu ya kuleta joto. Ukiingia, asubuhi umevaa shati, jioni unatafuta koti. Februari 2021 Texas yote iliganda na umeme ukakatika siku kadhaa. Kwa hiyo gesi ijae, maji ya kunywa yawepo, na ulizeni kituo cha figo kinafanyaje umeme ukikatika. Vimbunga visiwatishe, msimu wake ni Juni hadi Novemba. Harvey ilipiga Rockport Agosti 2017, na mtaona miti iliyoinama mpaka leo.

Kiwanja: lipeni kwa mwezi, ni nafuu sana kuliko kwa usiku, ila umeme huwa na mita yake. Ulizeni umri wa trela, viwanja vingi havipokei lililozidi miaka kumi. Vingine ni vya miaka 55 na kuendelea, tulivu zaidi.

Tenki la choo: koki yake ibaki imefungwa mpaka tenki likaribie kujaa, ndipo mfungue. Ukiiacha wazi, maji yanatangulia na uchafu unabaki umekauka ndani. Tulilijua hili kwa tabu. Na mama, ule mpira wa maji taka mzee asiunyanyue kwa mkono wa fistula. Omba jirani, kule watu wanasaidiana bila kuombwa mara mbili.

Mmeuliza kama mtapata wa kuongea naye. Wiki ya kwanza tulikaa ndani na pazia limefungwa. Siku ya tisa mama mmoja wa Iowa akagonga na bakuli la supu, akasema leo kila mtu analeta chakula chake ukumbini. Mke wangu akapika sombe, yaani kisamvu. Sufuria lilirudi tupu. Huko Corpus mtapata muhogo na ndizi za kupika kwenye maduka ya Wamexico, ingawa mzee atafuata maagizo ya potasiamu.

Halafu mpelekeni akaone korongo. Wale weupe wakubwa, kimo chao kama mtu, wanaruka maili 2,500 kutoka Kanada kuja hifadhi ya Aransas kila baridi. Mwaka 1941 duniani kote hawakufika 25. Leo ni mamia. Boti zinatoka karibu na Rockport. Mimi huenda kila mwaka na sijachoka.

Salma wa Iowa

Nyumba: funga maji kwenye koki kuu, fungua mabomba yote maji yatoke, acha joto Fahrenheit 55, na jirani aingie kila wiki. Bomba likipasuka na nyumba ilikuwa haina joto, bima inaweza kukataa kulipa. Na mkitamani kushuka mpaka kisiwa cha South Padre Island, karibu na mpaka wa Mexico, mkirudi kuna kizuizi cha uhamiaji Sarita, kila gari linasimama. Kadi ya ukaazi au pasipoti iwe mkononi.

Mama Tanga, Minnesota

Wanangu, Mungu awalipe. Nimekawia kurudi kwa sababu nilikuwa kwenye simu. Kiti kimepatikana Corpus Christi kuanzia wiki ya pili ya Januari, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na ofisa wetu anapanga siku ya kuhama isiwe na mwanya. Bima imejibu kwa maandishi. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa anapinga, amekubali kuvuta trela. Sasa tunatafuta kiwanja upande wa Corpus badala ya Rockport.

Mzee jana kateremsha mshipi wake wa kuvulia kutoka darini, ana kazi ya kuufuta vumbi. Anauliza kama kule anaruhusiwa kuvua.

Mzee wa Rockport

Mwambie ukivua ndani ya hifadhi ya jimbo la Texas, ufukweni au gatini, leseni haihitajiki. Hifadhi ya Goose Island ipo karibu na Rockport. Jumatano nitakuwa huru.