Mwezi wa kalenda na mwezi wa ziwani: dodoso linapima nini katika fedha endelevu?

Mtoa hoja, Nyegezi

Ndugu wachangiaji, naleta hoja iliyonisumbua tangu niliposhiriki, kama mkusanya takwimu, katika utafiti uliokusudia kupima iwapo mikopo inayoitwa ya kijani, yaani ya kutunza mazingira, imeinua hali za wakopaji wa mwambao wa Ziwa Victoria. Je, inafaa benki, halmashauri na vyuo vyetu viendelee kuamua ni mkopo upi ulio endelevu kwa kutegemea utafiti wa kiidadi peke yake, yaani madodoso, sampuli na majedwali ya rigresheni, yaani hesabu za kupima jambo moja linavyohusiana na jingine? Mimi nasema haifai, ingawa nipo tayari kusahihishwa.

Suala lenyewe si dogo. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo unaozitaka benki zisimamie hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Mwaka uliofuata Benki ya CRDB iliuza Hatifungani ya Kijani ikitafuta shilingi bilioni 40, ikapata bilioni 171.8. Mtu akishawaahidi wawekezaji kwamba fedha yao itatunza mazingira, lazima siku moja aulizwe imefanya nini, na jibu linalosubiriwa huwa ni namba. Namba za namna hiyo ndizo tulizotumwa kuzitafuta.

Sampuli yetu ilikokotolewa kwa kanuni ya Yamane ya mwaka 1967, ile ile iliyomo karibu katika kila tasnifu niliyopata kuisoma hapa Mwanza. Ukiingiza idadi kubwa ya watu na kosa la asilimia 5, hutoka wahojiwa wasiozidi 400, uwe unachunguza wachuuzi wa soko la Kirumba au walimu wa Simiyu. Dodoso lilikuwa na kauli ishirini na mbili ambazo mhojiwa alitakiwa kuzipima kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali sana", kisha likauliza kipato cha mwezi kabla ya mkopo na baada ya mkopo.

Siku tulipofika mwalo wa Igombe, mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, tulimkuta mama mmoja ameketi kando ya chanja tupu, akiziba matundu ya wavu wa kuanikia dagaa kwa uzi wa nailoni. Nikamsomea swali: "Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" Akaacha uzi, akaniuliza, "Mwezi upi, baba? Huo wa kwenye simu yako, au huu wa juu?" Nilidhani ananitania, kumbe hakuwa na utani wowote. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa zinazowavuta waje juu. Mwezi ukipevuka, taa hazifui dafu mbele yake, mitumbwi inapandishwa mchangani, na kwa siku kadhaa hakuna cha kununua wala cha kuanika. Hesabu zake zote zinakwenda kwa giza: giza hili alipata, giza lililopita mvua iliwaozesha dagaa wake kwenye chanja. Tulipombana alitaja kiasi ili tumwache aendelee na kazi, nami nikaandika laki tatu. Hiyo laki tatu imo katika jedwali mpaka leo, na sitashangaa ikiwa imesaidia kuweka nyota tatu pembeni ya tokeo fulani, ile alama ya kwamba tokeo si la bahati tu.

Jambo la pili nalitaja kwa kifupi. Mvuvi akikopa ili aachane na karabai ya mafuta ya taa anunue taa za sola, mkopo wake unaandikwa wa kijani, na mimi sina ugomvi na taa hizo. Ila katika kurasa saba za dodoso letu hapakuwa na swali hata moja kuhusu ukubwa wa matundu ya wavu unaomulikwa, yaani kama unazoa hata samaki wachanga.

Mwalimu wa takwimu

Ndugu mtoa hoja, kisa chako nimekipenda, lakini umemhukumu mshtakiwa asiyehusika. Kilichoharibika Igombe ni swali lililoulizwa, na swali baya lingeharibu hata mahojiano ya kina yasiyo na namba ndani yake.

Tatizo la kupima uendelevu si la mialo yetu pekee. Mwaka 2022 watafiti watatu, Berg, Kölbel na Rigobon, walichapisha ulinganisho wa mashirika sita yanayoyapa makampuni alama za mazingira, jamii na utawala. Waligundua kwamba uhusiano kati ya alama za shirika moja na za jingine ulikuwa baina ya 0.38 na 0.71, wakati mashirika mawili yanayopima jambo moja yangetarajiwa kukaribiana na 1. Zaidi ya nusu ya tofauti hiyo ilitokana na namna kila shirika lilivyopima kitu kile kile. Naomba uangalie jinsi udhaifu huo ulivyofichuliwa: kwa hesabu. Mtu angekuja na kisa kimoja cha kampuni moja iliyopewa alama asizostahili, angeambiwa ana chuki binafsi.

Kwa miaka mingi pia tulilishwa visa vya akina mama waliotajirika kwa mikopo midogo, hadi mwaka 2015 zilipochapishwa kwa pamoja tafiti sita, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, ambazo zilitumia bahati nasibu kupanga ni nani au ni eneo lipi lipate fursa ya mkopo. Jibu lililotoka ni la kiasi: mikopo ilisaidia kidogo, wala haikubadilisha maisha kama ilivyotangazwa. Visa visingetufikisha hapo, kwa sababu aliyefilisika hapigwi picha ya kalenda ya benki.

Sasa nirudi kwa mama yako wa Igombe, maana hapo umenipa zawadi bila kujua. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Mwezi wa kalenda, kwa wastani, una siku 30 na chini ya nusu. Tofauti haifiki siku moja. Kwa hiyo mkopaji wa miezi sita ambaye rejesho lake la kwanza limeangukia mwezi mpevu, rejesho lake la sita litakuwa limesogea siku nne au tano tu kutoka hapo, na mengi ya marejesho yake yatamkuta mfuko ukiwa mkavu. Jirani yake mwenye biashara ile ile na mkopo ule ule, aliyepokea fedha wiki mbili baadaye, atalipa yake gizani, wakati dagaa wanatoka. Hakuna aliyechagua. Kundi la kulinganishia limejitengeneza lenyewe, na takwimu zinazohitajika, yaani tarehe ya kila rejesho na siku lilipolipwa, tayari zimo kwenye mifumo ya benki. Zichukuliwe zilinganishwe na kalenda ya mwezi. Tofauti ikionekana, tutakuwa na namba inayotuambia kwamba mkopaji aliyeitwa mzembe alikuwa amepewa ratiba mbaya, na tutakuwa tumeipata bila dodoso hata moja.

Afisa mikopo mstaafu, Ilemela

Mwalimu, kwa heshima zote, nakupinga katika sentensi moja: "Hakuna aliyechagua." Nimetoa mikopo katika mialo ya Ilemela na Ukerewe kwa muda mrefu, na ninakuhakikishia kwamba afisa anayelijua ziwa huchagua. Mimi nilikuwa namuuliza mteja giza linaanza lini ndipo napanga tarehe. Mwenzangu aliyehamishiwa kwetu kutoka bara aliweka tarehe 28 kwa kila mtu, kwa kuwa ndiyo tarehe aliyozoea kwa walimu na manesi. Wateja wazuri nao huwatafuta maafisa wazoefu, na wajanja huchelewesha kusaini mpaka tarehe iwakae vizuri. Ukichukua takwimu zote kwa pamoja, utadhani umepima mwezi, kumbe umepima uzoefu wa afisa na ujanja wa mteja.

Kuna lingine ambalo naona nyote wawili mmelipita. Rejesho lililolipwa kwa wakati si ushahidi kwamba halikuumiza. Mbalamwezi ikimkuta mteja hana kitu, huenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, wale wa mitaani wenye riba ya kunyonya, anachukua fedha asubuhi, anailipa benki mchana wa siku hiyo hiyo, kisha anakaa giza zima akimfanyia kazi mtu mwingine. Kwenye mfumo anaonekana mteja wa daraja la kwanza, na mkopo unaofuata anaongezewa. Benki Kuu inataka mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa ipasavyo, isizidi asilimia 5, afisa anapimwa kwa kiwango hicho, na hakuna safu yoyote kwenye mfumo inayouliza fedha ya rejesho ilitoka wapi. Nakiri kwamba nami sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungenipunguzia alama za mwisho wa mwaka.

Mtoa hoja, Nyegezi

Mwalimu, narekebisha msimamo wangu. Niliposema utafiti wa kiidadi haufai peke yake nilirusha wavu mpana mno. Lawama yangu inabaki kwenye kizio: tumemhesabia mtu wa ziwani kwa kipimo cha mtu wa mshahara, halafu tukamshangaa kwamba hapimiki.

Nami nimuunge mkono mzee afisa mikopo kwa mfano wa ngazi ya taifa. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 unaonyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Siibishii namba hiyo. Mama wa Igombe yumo ndani yake, kwa kuwa anapokea malipo kwa simu. Lakini mtu huyo huyo anaweza kuhesabiwa rasmi asubuhi na kuwa mikononi mwa kausha damu jioni, na hesabu zote mbili zikawa kweli. Basi, Mwalimu, hilo la fedha kutoka wapi utalipimaje?

Mwalimu wa takwimu

Mzee wangu afisa mikopo amenifunga mabao mawili na ninayakubali. Kwa lile la kwanza ipo tiba, na tiba ameitaja mwenyewe: twende kwa yule mwenzake wa tarehe 28. Tukichukua mikopo ya maafisa walioweka tarehe moja kwa wote, na kulinganisha wateja wa afisa mmoja wao kwa wao, uchaguzi wa afisa unaondoka na nafasi ya mteja kuvuta tarehe inapungua sana, huku tarehe 28 ya mwaka mmoja ikiweza kuangukia giza na ya mwaka mwingine mbalamwezi. Sampuli itakuwa ndogo, lakini itakuwa safi.

Lile la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa deni la kausha damu huwa halitajwi mbele ya mtu aliyeshika kishikwambi. Ndiyo maana nisingependa turukie kupendekeza ratiba mpya kabla ya kulijua. Kuna jaribio lililofanyika Kolkata, India, lililochapishwa mwaka 2013, ambamo baadhi ya wakopaji walipewa miezi miwili ya neema kabla ya kuanza kurejesha. Uwekezaji wao uliongezeka, na faida yao ya muda mrefu ikapanda. Wakati huo huo idadi ya walioshindwa kulipa nayo ikapanda. Benki yoyote ya hapa ikisoma tokeo hilo itauliza hasara hiyo aibebe nani, na mimi nitauliza iwapo hasara hiyo kwa sasa haipo, au ipo ila imebebwa na wakopaji kupitia kausha damu. Sina namba ya kujibu. Ningehitaji kumbukumbu za mtu aliyeandika madeni yake yote, giza kwa giza, kwa angalau mwaka mzima.

Mchuuzi wa dagaa, Igombe

Nimewasoma wote, wanangu, na nawashukuru kwa kutusemea, ingawa naona mmebishana sana kuhusu jambo ambalo mngeweza kuliuliza.

Mimi ninalo daftari. Si langu tu, wengi kwenye kikundi chetu wanayo, maana kikundi hakimpi mkopo mtu asiyejua hesabu zake. Kila giza lina ukurasa wake: ndoo nilizonunua, bei ya mwaloni siku hiyo, siku zilizonyesha, magunia yaliyofika Kirumba na yaliyotupwa yakawa chakula cha kuku. Rejesho la benki naliandika kwa kalamu nyekundu. Hizo fedha nyingine mnazozisema nimeziandika ukurasa wa nyuma kabisa, kwa sababu mume wangu naye hufungua daftari. Kuna giza moja, wakati maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yakafunika sehemu tuliyokuwa tunaanika, ambapo ukurasa wa nyuma una mistari mingi kuliko wa mbele.

Nitawapa mnakili, na nitawaomba wenzangu nao watoe, kwa sharti kwamba jina la mtu lisitoke na daftari lirudi siku ile ile. Ila msije giza. Giza sina nafasi hata ya kukaa. Njooni mbalamwezi.