Nimemaliza kozi za uzamili wa uhandisi, data bado. Nijiandikishe muhula huu au nisubiri?

maji_kwanza (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Nasoma uzamili wa uhandisi wa ujenzi, upande wa rasilimali za maji, katika chuo cha umma huku magharibi. Kozi za darasani nimezimaliza na matokeo yako kwenye potali. Zote nimepita isipokuwa moja niliyopata 47. Pendekezo la utafiti limepita idarani lakini halijapelekwa kurugenzi ya uzamili. Mada ni mafuriko ya mto Nzoia sehemu za chini, kuelekea Budalang'i, kwa hivyo nahitaji data ya mtiririko wa maji ya miaka mingi, na hiyo sijaipata bado.

Naomba kujuzwa mambo matatu. Kwanza, maadamu sina darasa tena, naweza kuacha kujiandikisha mihula miwili nikitafuta data, halafu nirudi kulipa karo nikiwa tayari kuandika? Pili, hiyo 47 nifanye nayo nini? Tatu, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti) nikichukue sasa au nisubiri kurugenzi ipitishe pendekezo?

kanuni_na_kalamu (Njoro)

Usiache kujiandikisha. Wengi wa ngazi yako huponzwa na dhana kwamba usajili ni wa darasa, kwa hivyo darasa likiisha nao umeisha. Tasnifu ina msimbo wake kama kozi nyingine yoyote. Kila muhula unaichagua kwenye potali na kuilipia hadi siku utakayoiwasilisha. Ukiruka muhula bila barua, kwenye mfumo unaonekana umetoroka masomo. Hapo idara haiwezi kukupangia semina, barua ya utambulisho hupati, na msimamizi hana msingi wa kutia sahihi ripoti yako ya maendeleo. Ukirudi, utadaiwa karo ya ile mihula uliyoruka pamoja na faini, au utaambiwa uombe kurejeshwa na seneti ya chuo. Seneti nayo ina kalenda yake na haikutani kwa sababu yako.

La pili, na hili ndilo zito, saa ya masomo haisimami. Uzamili umepangiwa miaka 2, na kanuni za kila chuo huandika ukomo, mara nyingi miaka 4 au 5 kuanzia siku ya usajili wa kwanza. Mihula unayokaa nyumbani inahesabiwa humo humo.

Ukiona huna budi kupumzika, andika barua ya kuahirisha masomo. Inaandikwa kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili kupitia mwenyekiti wa idara, kabla dirisha la usajili halijafungwa. Taja sababu, muhula unaoahirisha na muhula utakaorudi, kisha ambatisha maoni ya msimamizi. Hakikisha nakala yako imepigwa mhuri wa kupokelewa, na usijihesabu umeruhusiwa hadi upate jibu kwa maandishi. Kuambiwa "sawa" kwenye korido si ruhusa. Pia tafuta kwenye kanuni kifungu kinachosema kama muda wa kuahirisha unatolewa kwenye ule ukomo au la, kwa maana vyuo vinatofautiana sana hapo.

Ila kwa maoni yangu, "data haijapatikana" ni sababu dhaifu. Kutafuta data ni sehemu ya utafiti wenyewe, na mwenyekiti atakuuliza muhula huo unauahirishia nini. Ugonjwa, uzazi, uhamisho wa kikazi na ukosefu wa karo ndizo sababu zinazosikilizwa. Wewe jiandikishe, uutumie muhula kusukuma pendekezo.

Kuhusu 47: alama ya kupita uzamili katika vyuo vyetu vingi ni 50, si 40 kama shahada ya kwanza, kwa hivyo hiyo kozi imeanguka hata kama wastani wako ni mzuri. Angalia kama chuo chako kinatoa mtihani wa marudio kwa uzamili au kinakutaka urudie kozi nzima. Mtihani wa marudio, hata ukipata 70, kwa kawaida huandikwa 50 tu. Kama ni kurudia kozi, uliza leo inafundishwa muhula gani. Kozi za uzamili zina wanafunzi wachache, nyingi hutolewa mara 1 kwa mwaka. Ukikosa kuichagua kwenye potali wakati wake, umepoteza mwaka mzima kwa ajili ya alama 3. Na usikalie tu mtihani kwa sababu mwalimu anakufahamu: alama za mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya kozi hazina pa kuingizwa.

Jambo dogo linalosumbua watu kila muhula: ukilipa karo, nambari ya akaunti iandike kama ilivyo kwenye barua ya kujiunga, pamoja na mistari ya mkwaju (/) na herufi zake. Ukiandika herufi O mahali pa sifuri, au ukiacha mkwaju mmoja, pesa zinaingia benki lakini haziingii kwenye jina lako, na potali inaendelea kukufungia usajili. Dawa yake ni kwenda ofisi ya fedha na stakabadhi ya benki au ujumbe wa M-Pesa, na hilo halifanyiki jioni ya siku ya mwisho.

mhandisi_lurambi (Kakamega)

Nakubaliana na wa Njoro kuhusu usajili. Mimi niongeze upande wa data, maana naona hapo ndipo umekwama, na huenda umekuwa ukibisha mlango usio wako.

Data ya mito iko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na ofisi zake zimegawanywa kwa mabonde, si kwa kaunti unayoishi. Ofisi ya Kisumu ni ya Ziwa Victoria Kusini: Nyando, Sondu, Kuja na jirani zake. Nzoia na Yala ziko Ziwa Victoria Kaskazini, na ofisi ya bonde hilo iko hapa Kakamega. Ukipeleka barua ya Nzoia Kisumu, itapokelewa kwa heshima na kulala hapo.

Kwenye barua usiandike "data ya mto Nzoia". Taja kituo kwa msimbo. Kwa mafuriko ya sehemu za chini za mto unataka 1EF01, pale Ruambwa. Taja kama unataka kina cha maji au mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, ya kila siku au ya mwezi, na kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani. Kisha omba na kitu ambacho wanafunzi wengi husahau: mlinganyo wa kubadilisha kina kuwa mtiririko, pamoja na vipimo vya uwanjani vilivyotumika kuutengeneza na tarehe zake. Kinachosomwa kituoni ni kina cha maji tu. Mtiririko ni hesabu. Mto ukifurika unachimba kingo na kumwaga mchanga, sakafu inabadilika, na mlinganyo wa zamani unaanza kutoa takwimu zisizo za kweli, hasa kwa kina kikubwa ambacho hakijawahi kupimwa. Kwa mada ya mafuriko, hicho kina kikubwa ndicho unachokitafuta, na mtahini wa nje ataanzia hapo.

Tarajia mapengo pia. Mafuriko huondoka na vijiti vya kupimia, kwa hivyo siku zinazokosekana mara nyingi ni zile zile ulizozihitaji. Ukishapata faili, kabla ya jambo lolote, hesabu asilimia ya siku zisizo na data kwa kila mwaka na uiweke kwenye jedwali. Jedwali hilo liingie ndani ya pendekezo. Kamati ikiona umeshajua mapengo yako wapi na utayajaza kwa njia gani, maswali yanapungua sana. Ikiwa miaka mizima imekosekana, ni afadhali kubadilisha kipindi cha utafiti sasa kuliko kukibadilisha baada ya kurugenzi kupitisha, kwa sababu mabadiliko ya wakati huo yanahitaji kibali kipya cha msimamizi, idara na kurugenzi.

NACOSTI subiri kidogo. Wanataka pendekezo, barua ya chuo, kitambulisho na picha, na penye watu au wanyama, idhini ya kamati ya maadili. Ukiomba kwa kichwa cha utafiti ambacho kurugenzi itakibadilisha, leseni na tasnifu zitakuwa na vichwa viwili tofauti. Ada ya mwanafunzi Mkenya wa uzamili ni shilingi 1,000, na leseni inadumu mwaka 1, kwa hivyo kuichukua mapema ni kuila kabla ya kazi kuanza. Soma masharti yaliyo nyuma yake: unatakiwa kujulisha uongozi wa kaunti kabla ya kuingia uwanjani, na kuwasilisha ripoti baada ya kumaliza. Nawe ukipanga kuhoji familia za Budalang'i kuhusu mafuriko, hata kaya 20 tu, tayari umeingia kwenye maadili. Kamati hizo huchukua wiki kadhaa, kwa hivyo amua mapema kama mahojiano hayo yanaongeza kitu kwenye utafiti au ni mapambo.

maji_kwanza (Kisumu)

Asanteni sana. Kumbe ndiyo maana barua yangu ya kuomba data, niliyoipeleka Kisumu, haijajibiwa. Swali moja: bila kurugenzi kupitisha pendekezo, nani ataniandikia barua ya WRA?

mhandisi_lurambi (Kakamega)

Mwenyekiti wa idara. Barua ya kuomba data si leseni ya utafiti. Inahitaji jina lako, nambari ya usajili, mada na uthibitisho kwamba wewe ni mwanafunzi muhula huu. Unaona sasa usajili unakorudi. Mpelekee rasimu ikiwa tayari imeandikwa ili yeye abadilishe maneno mawili matatu na kutia sahihi. Ukimwachia aandike mwenyewe utangoja.

fundi_teknolojia (Nakuru)

Samahani kwa kudandia uzi. Nina shahada ya teknolojia ya uhandisi wa mitambo na nimepata nafasi ya uzamili wa uhandisi. Nikimaliza, EBK (Bodi ya Wahandisi ya Kenya) watanisajili kama mhandisi?

kanuni_na_kalamu (Njoro)

Kwa uzamili peke yake, hapana. Kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011, Bodi ya Wahandisi inaangalia shahada ya kwanza ya uhandisi, na programu hiyo ya kwanza ndiyo inayopaswa kuwa imeidhinishwa na bodi. Uzamili unakaa juu ya msingi huo, hauzibi pengo. Aliyesajiliwa kama mhandisi mhitimu ndiye anayehesabu miaka 3 ya kazi kuelekea uhandisi kamili. Kwa shahada yako kuna bodi ya wanateknolojia, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Uzamili wako utakufaa kwa kufundisha, utafiti na vyeo. Ila usilipe karo ukitegemea mhuri wa EBK. Wale waliosomea shahada ya kwanza ng'ambo ya Busia au Malaba nao wapitishe cheti kwa CUE (Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu) kitambuliwe kabla ya usajili, maana chuo kinaweza kukupokea kwa masharti kisha kikakuzuia mbele ya safari.

tasnifu_mkononi (Eldoret)

Naona mmemaliza mwanzo, mimi nitie neno juu ya mwisho, kwa kuwa huko nako kuna usajili.

maji_kwanza, ukikaribia kumaliza, vyuo vingi vinadai fomu ya kutoa taarifa ya nia ya kuwasilisha, kwa kawaida miezi 3 kabla. Fomu hiyo ndiyo inayoanzisha kutafutwa kwa mtahini wa nje. Watu hukaa nayo hadi tasnifu ikamilike, kisha wanashangaa nakala zao zimekaa kurugenzini bila msomaji. Ijaze ukiwa unaandika sura ya matokeo. Na siku ya kuwasilisha lazima uwe umejiandikisha kwa muhula huo. Ukimaliza wiki moja baada ya muhula mpya kufunguliwa, unalipia muhula mpya, kwa hivyo panga tarehe zako na kalenda ya chuo mezani.

Makala ya jarida ianze mapema. Vyuo vinataka angalau 1 kwa uzamili, iliyochapishwa au yenye barua ya kukubaliwa, na jarida linaweza kukaa na makala yako miezi mingi. Kile kipande cha mapengo ya data na mlinganyo wa Ruambwa kinatosha kuwa makala peke yake, na unaweza kukituma kabla sura nyingine hazijaiva. Epuka majarida yanayojibu "umekubaliwa" kwa siku 2 na kudai ada, kurugenzi zinayajua.

Kuhusu wasimamizi: mwongozo wa CUE wa 2014 unamwekea mhadhiri ukomo wa wanafunzi 5 wa uzamili na 3 wa uzamivu kwa mwaka. Kwa hivyo anayekukatalia huenda amejaa tu. Ukipewa wawili, hakikisha mmoja anaijua haidrolojia kwa undani. Mambo ya kingo na sakafu ya mto uliyoandikiwa hapo juu, msimamizi wa zege na nondo hatakuuliza, na mtahini wa nje atakuuliza.

Jina nalo. Jina kwenye jalada la tasnifu lilingane herufi kwa herufi na la usajili, na la usajili lilingane na cheti cha shahada ya kwanza. Kama kitambulisho kina majina matatu na cheti kina mawili, au mpangilio umegeuka, peleka hati ya kiapo kwa msajili wa kitaaluma sasa hivi, ukiwa bado unadaiwa tu hiyo kozi ya 47. Wakati orodha ya mahafali imeshapelekwa seneti, hakuna anayetaka kuigusa.