Saa 212 za picha za nyuma ya pazia, diski 8 na hakuna aliyeandika chochote: nimechoka kuambiwa "mhariri atarekebisha"

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa nne nikijipa moyo kwamba litaisha, lakini baada ya simu niliyopigiwa jana jioni nimeona nilitoe hapa, hasa kwa wenzangu wanaofanya kazi za video hapa Dodoma.

Nilichukuliwa kusimamia kazi zote zinazofuata upigaji wa makala ndefu inayoonyesha namna filamu moja kubwa ilivyotengenezwa katika vijiji vya Kondoa, kuelekea Kolo kwenye michoro ya miambani. Makala ya nyuma ya pazia haina mswada wa kufuata. Kamera zinawafuata watu walioshughulika na kazi nyingine kabisa, na hadithi haionekani mpaka mtu akae chini aangalie kila kilichorekodiwa. Tulikabidhiwa saa 212. Ukiangalia saa 8 kila siku bila kusimamisha, hizo ni siku 27 kabla hujakata hata fremu moja (picha moja tuli kati ya zile zinazounda video). Prodyuza alikuwa ametenga wiki mbili.

Diski zilikuja kwa basi, 8 kwa idadi, za terabaiti 4 kila moja, zimeviringishwa khanga ndani ya ndoo ya rangi. Kamera kubwa ilirekodi ProRes 422 HQ ya 4K, aina ya faili ya video yenye ubora wa juu, ambayo kwa fremu 25 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 330 kwa saa, na saa zake 60 peke yake zilijaza karibu terabaiti 20. Nikauliza nakala ya pili iko wapi. Nikajibiwa, "Dada, hizo ndizo zenyewe." Kadi zote za kamera zilikuwa zimeshafutwa ili zitumike tena. Katika fani hii mtu anafundishwa mapema kabisa kwamba picha ghafi zinakaa katika nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja inalazwa mbali na nyingine. Sisi tulikuwa na moja, ndani ya ndoo. Diski ya sita ilipoanza kugonga-gonga nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikarudi, tukaokoa kama nusu yake.

Kuna kubwa zaidi ya hilo. Kamera mbili ndogo za aina moja zilianza kuhesabu faili zake kutoka 0001, na kijana aliyekuwa akihamisha kadi (simlaumu, hakufundishwa na mtu, tena ndiye aliyekuwa dereva) alizimwaga zote katika folda zilizoitwa "Mpya", "Mpya kabisa" na "Mpya ya leo", kwa hiyo kuna siku ambazo faili za kamera moja zimefuta za mwenzake na hakuna daftari linalosema kilichopotea ni nini. Kamera moja ilipiga fremu 24 kwa sekunde, nyingine 30, wakati makala inatakiwa itoke kwa 25. Ya 24 ama uirudufishie fremu moja kila sekunde, na jicho litaona mkwamo, ama uiharakishe kwa asilimia 4 na sauti ipande. Ya 30 unaitupia fremu tano kila sekunde na mtu anayetembea anaonekana anadunda. Lingeweza kuepukwa kwa kubonyeza kitufe kimoja asubuhi ya siku ya kwanza. Kibao cha kupiga makofi, kile kinachogongwa mbele ya kamera ili picha na sauti zilinganishwe, hakikutumika, na maikrofoni ya kamera ya tatu ilizimwa, hivyo picha zake tulizilinganisha na sauti iliyorekodiwa kando kwa kutazama midomo. Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe, sitaueleza.

Lililoniuma zaidi ni la lugha. Wenyeji walioajiriwa kupika, kubeba vyuma na kuigiza kama kundi la watu walihojiwa kwa Kirangi, na wazee wachache wa Chemba kwa Kisandawe. Mhariri wetu ni mtu wa Tanga, hodari sana, lakini alikuwa akikata kwa kufuata pumzi ya msemaji. Mimi ni Mrangi. Katika baadhi ya nyakati zijazo za Kirangi kitenzi kikuu hutangulia, kisha nyuma yake hufuata kitenzi kisaidizi ambacho ndicho kinachobeba nafsi na wakati. Ukinyofoa neno hilo moja la mwisho kwa kudhani ni mguno, unabaki na tendo lisilo na mtendaji. Bibi mmoja alieleza mahali watakapolima msimu ujao kwa kuwa shamba lao lilikuwa limejengwa mandhari ya filamu, na katika toleo la kwanza bibi huyo anatamka "kulima" tu, kisha picha inaruka. Bajeti ya wakalimani ilikuwa sifuri. "Si unakijua Kirangi? Tafsiri wewe." Nimetafsiri saa 40 usiku, bila senti. Kisandawe nilimtafuta mwanafunzi wa chuo, nikamlipa kutoka mfukoni mwangu.

Tulifunga picha mwezi wa saba, kwa sahihi ya prodyuza mwenyewe. Kufunga picha maana yake ni kwamba kuanzia hapo mtu wa sauti, mtu wa kurekebisha rangi za picha na mwandishi wa maandishi ya tafsiri wanafanya kazi juu ya urefu usiobadilika. Imefunguliwa mara tatu. Ukiondoa sekunde 4 katika dakika ya 11 ya makala ya dakika 84, kila sauti ya mlango unaofungwa na kila mstari wa tafsiri kuanzia hapo hadi mwisho umehama mahali pake, na mtu analazimika kuvirudisha kimoja kimoja. Nilipoomba malipo ya marudio nikaambiwa, "Kompyuta si ndiyo inafanya?"

Wakati huohuo tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa, ilhali Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na hakuna aliyeziweka siku za ukaguzi huo kwenye ratiba. Zikikosekana, ninajua vizuri jina litakalotajwa.

Simu ya jana ilikuwa ya "mabadiliko madogo mawili", moja likiwa ni kurudisha mahojiano yaliyokuwa kwenye diski ya sita. Awamu ya tatu ya malipo yangu nitapewa "kazi ikikamilika". Wenzangu mliokwisha kuumwa na nyoka huyu, naomba mniambie: kwenye mikataba yenu mnaandika kifungu gani kuhusu picha kufunguliwa baada ya kufungwa, na kuna aliyewahi kulipwa kwa kifungu hicho? Diski zote nane ninazo mimi, na safari hii zina nakala.