Magorofa Kololo, ploti ndogo, au tuhamie Matugga: kipi kitashusha kodi ya nyumba Kampala?

Mpangaji_Kamwokya
Wadau, salaam. Mizigo yetu, yaani vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, imepigwa alama nyekundu ukutani, itavunjwa. Vyumba 12, bomba moja, vyoo viwili, kila chumba laki moja na nusu. Mwenye kiwanja kauza, na aliyenunua anapandisha ghorofa nne. Kaka yangu mhandisi ananiambia nisilie, mji ukiruhusiwa kwenda juu nyumba zitakuwa nyingi na kodi itashuka. Mimi naona chumba changu kinaondoka, inakuja fleti ambayo hata mlangoni sitafika. Njia naona ziko tatu: magorofa yaruhusiwe kila mtaa, hata kwa matajiri wa Kololo na Nakasero, au ploti zipunguzwe ukubwa, au mji uendelee kutambaa kuelekea Gayaza na Matugga. Ipi inamfaa mtu wa laki na nusu?

Ramani256
Ya kwanza, ila ianze kwenye nafasi. Kamwokya na Kololo zinatazamana. Kwenu watu 40 wanagombea bomba moja, juu ya kilima kuna jumba moja, bustani na mbwa. Auckland, New Zealand, mwaka 2016 waliruhusu ujenzi wa kubanana kwenye takriban robo tatu ya ardhi ya makazi. Vibali vya ujenzi vikaongezeka sana. Kodi hazikushuka, ila watafiti waliona zimepanda polepole kuliko ambavyo zingepanda. Kule waligusa mitaa yenye nafasi. Sisi tunaanza kubomoa kwa waliobanana tayari.

Fundi_Kireka
Huyo mhandisi hajapiga hesabu. Tuseme jengo ni milioni 400, mkopo wa benki, riba asilimia 18. Ni milioni 72 kwa mwaka, yaani milioni 6 kila mwezi, riba peke yake. Ukiwa na fleti 12, kila moja itoe laki tano kabla hujarudisha hata shilingi moja ya mkopo wenyewe. Wewe wa laki na nusu uko wapi hapo?

Muzigo ni rahisi kwa sababu haukujengwa kwa benki. Mtu anauza kahawa, ananunua matofali, anapandisha chumba, mwakani kingine. Ghorofa ukilijenga hivyo, nondo zinakaa mvuani mpaka zinaliwa na kutu.

Halafu choo. Sehemu kubwa ya Kampala haina bomba la maji taka, kila mtu na tenki lake. Weka familia 16 juu ya tenki lililochimbwa kwa ajili ya nne, gari la kunyonya litakuwa mgeni wa kila wiki. Wasio na hela ya gari wanasubiri mvua kubwa wafungue mfuniko. Watu wa Bwaise, kule bondeni, wanajua inakoishia.

DadaWaEmbakasi
Msiseme ghorofa lazima liwe la wenye pesa. Nililala Pipeline, Nairobi, miaka minne kabla ya kuolewa huku. Ghorofa saba, chumba kimoja kimoja, hakuna lifti, maji unapandisha kwa mtungi. Kodi ilikuwa nafuu kweli na kazini nilikwenda kwa miguu. Lakini nepi za mtoto nilizianika koridoni, jua likifika hapo nusu saa kwa siku. Zilinuka ukungu hata zikiwa safi. Kwa hiyo ubanano unaweza kuleta unafuu. Ulizeni tu dirisha linatazama wapi.

Ramani256
Njia ya pili nayo tusiidharau. Houston, Marekani, mwaka 1998 walishusha ukubwa wa chini wa kiwanja katikati ya mji kutoka futi za mraba 5,000 hadi 1,400. Hiyo 5,000 ni ploti yetu ile ile ya futi 50 kwa 100! Palipokaa nyumba moja zikaingia tatu, zenye ngazi ndani.

Mzee_wa_Kibanja
Wanangu, mnapanga juu ya ardhi ya nani? Mailo, ile ardhi ya hati ya kudumu hapa Buganda, tumekuwa nayo tangu mkataba wa 1900 na Waingereza. Hati ina mwenyewe, kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi hiyo, kina mwenyewe, na mpangaji wa muzigo anakuja wa tatu. Ruhusa ya ghorofa ikitoka, wa hati anapandisha bei, wa kibanja analipwa kidogo aondoke, na mpangaji halipwi kitu. Nakawa na Naguru walivunjiwa mwaka 2011, tukaambiwa mji mpya unakuja. Tukatazama nyasi miaka na miaka. Sheria ya kumiliki fleti moja moja ipo tangu 2001. Wa hati na wa kibanja wangeweza kuungana wajenge, kila mmoja abaki na fleti zake. Mimi mwenye hati wangu nilimwambia. Alicheka.

Mpangaji_Kamwokya
Shikamoo mzee. Sheria ya wapangaji ya 2022 niliishika kama ngao: kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Sasa chumba kikishavunjwa, hiyo 10 inapandishwa juu ya nini?

Kwenda mbali nimejaribu kwenye karatasi. Matugga chumba ni laki, lakini taksi kwenda na kurudi, na boda ya kumalizia, vinakula zaidi ya ile elfu hamsini niliyookoa. Jamu siihesabu.

Jumapili naenda kuona chumba Kyebando, laki na themanini. Fundi, nitazame nini?

Fundi_Kireka
Tenki la jirani wa juu. Na usiende Jumapili, nenda siku mvua imetoka kunyesha.