Misuli kujikaza yenyewe: tupeane uzoefu wa krampi, degedege na pepopunda

Kocha_Himbi
Ndugu zangu wa Goma, hapa kwetu kitu chochote kikikaza mwilini mtu anasema "mishipa inanivuta", basi. Munganga (daktari) inabidi amuulize tena na tena. Wanaojua waeleze hapa kila aina inavyoonekana, cha kufanya, na watu wanakosea wapi.

Naanza na krampi: msuli unajikaza ghafla bila wewe kuuamuru, unakuwa mgumu, unauma, na akili zako zote zipo. Ni sekunde chache hadi dakika kadhaa. Ganzi ni kitu kingine, pale mguu unalala na hausikii.

Mtazame msukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubeba mizigo: goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi. Huo unaosukuma ndio hukaza shavu la mguu, hasa kwenye mpando wa Kibumba, msuli ukishachoka. Akae chini, anyooshe goti kabisa, ashike vidole vya mguu avivute kuelekea kwake. Ashikilie kama sekunde 30, aachie, arudie hadi ulegee, kisha asugue taratibu. Kosa la kila siku ni kunyoosha mguu huku vidole vikielekea chini. Hapo msuli unazidi kujifupisha. Ndiyo maana blanketi zito linalokandamiza vidole nalo huleta krampi ya usiku. Maumivu yakibaki hadi kesho yake, usishangae.

Munganga_Majengo
Asante Kocha. Mimi naomba tukae kwenye jambo moja, kipindupindu, maana mji huu unakijua tangu Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokufa nacho kwa maelfu. Mtu anaharisha maji kama ya mchele, halafu anashikwa na krampi za miguu na tumbo. Huo si uchovu. Kipindupindu kinamwaga maji pamoja na chumvi za mwili, na bila hizo msuli hauwezi kulegea vizuri. Kumsugua peke yake ni kupoteza muda, anahitaji kunywa.

Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ni kwa lita 1 ya maji safi. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanamimina pakiti kwenye chupa ya lita 1 na nusu, dawa inakuwa nyepesi. Wengine wanaweka nusu lita, chumvi inazidi, na kwa mtoto hiyo ni hatari. Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya mlima. Kila baada ya kuharisha, mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 9 mililita 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Finya ngozi ya tumbo: ikibaki imekunjamana, macho yamezama, mkojo umekatika, usisubiri pakiti ya pili. Mpeleke akawekewe seramu (dripu ya mshipani) huku akiendelea kunywa njiani kama anaweza.

Mama_Mkunga
Wadogo zangu, swali la kwanza liwe hili: anajijua au hajijui?

Degedege hajijui. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ana homa, macho yanapinduka, mikono na miguu inarushwa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Usitie kijiko mdomoni: ulimi haumezwi, ila meno huvunjika. Usimnyweshe kitu. Hata ikikoma yenyewe apimwe malaria siku hiyohiyo. Ikipita dakika 5, kimbia.

Pepopunda anajijua kabisa, na ndiyo inatisha. Huanza taya kugoma kufunguka, shingo na mgongo vinakaza, kelele au mguso mdogo unamkaza upya. Kichanga aliyenyonya vizuri siku 2 za kwanza, halafu kuanzia ya 3 akashindwa kunyonya na kukakamaa: hospitali, saa hiyohiyo. Chanzo mara nyingi ni wembe mchafu au vitu vilivyopakwa kitovuni. Mjamzito asikose chanjo yake.

Yaya_Farmasi
Kwinini, ile dawa ya malaria, kwa krampi za usiku, tafadhali acheni. Inapunguza kidogo, lakini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuharibu chembe za damu. Faida hiyo haistahili hatari hiyo. Anayekunywa furosemide (dawa ya kukojoza) kwa presha au moyo akianza krampi, asiache dawa mwenyewe. Arudi apimwe potasiamu, moja ya zile chumvi za mwili, maana hutoka na mkojo.

Kope kuchezacheza mara nyingi ni usingizi mdogo au kahawa nyingi. Si habari ya mgeni anayekuja.

Mvuvi_Kivu
Kaka Kocha, ongeza ya majini. Ukikazwa ndani ya ziwa usipigane na maji. Geuka chali, jaza kifua hewa, uelee. Vuta vidole vya mguu kama ulivyoeleza, kisha rudi ufukweni kwa mikono tu, mguu ule ukiuacha umelegea. Usiupige teke kujaribu kama umepona, unakaza tena palepale.