Mgombea binafsi: kwa nini lazima apitie mlango wa chama?

Mleta mada
Wakuu, katani kwetu aliyeongoza kura za maoni za ndani ya chama alikatwa jina huko juu. Tukaletewa mtu ambaye hata njia ya zahanati haijui. Tulinuna, halafu tukampigia hivyo hivyo, maana wa chama cha pili alikuwa hovyo zaidi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 39 kwa urais na 67 kwa ubunge, inataka mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Basi mchujo wenyewe unafanywa na watu ambao mimi sikuwachagua.

Wanaosema mgombea binafsi ataiyumbisha nchi wakumbuke uchaguzi wa 1960. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kilichobaki ni Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwana-TANU huyohuyo, aligombea kivyake akamwangusha mgombea rasmi wa chama. Mwaka uliofuata tukapata uhuru kama kawaida.

Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania mahakamani suala hili la mgombea binafsi hadi akaonekana kituko. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akampa haki. Bunge likawahi kubadili Katiba mwaka huohuo ili kuzuia. Akarudi, Mahakama Kuu ikampa tena 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua 2010: hilo ni la Bunge, si la majaji. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, hapohapo Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki zake. Akafariki 2015 bila kuona karatasi ya kura yenye mgombea binafsi.

Mzee wa Stendi
Mtikila namheshimu, ila umeruka suala la pesa. Mgombea binafsi atatoka wapi na mawakala wa kumlindia kura kwenye vituo vyote vya jimbo? Atakayeweza ni tajiri. Chama angalau kina kikao cha kumwita mtu ajieleze.

Mleta mada
Mzee, shikamoo. Tajiri kwa sasa anahonga wajumbe wa kura za maoni tu, kazi kwisha. Akitaka kuhonga jimbo zima, mfuko utamtoboka. Na hicho kikao unachokisifu ndicho kinachoweza kumvua mbunge uanachama, na ubunge ukaondoka naye, hata kama waliompigia kura bado wanamtaka.

Mzee wa Stendi
Marahaba. Hapo kwenye kuvuliwa ubunge umenipata. Kwenye mawakala bado hujanijibu.

Jirani wa Taveta
Huku Kenya wagombea binafsi tunao tangu Katiba ya 2010. Wa ubunge wa jimbo anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa humo, na asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Msitarajie malaika. Wengi ni walioshindwa mchujo wa chama wakaondoka kwa hasira, na wakishinda utawaona wanahamia upande wenye serikali. Lakini chama kikilazimisha mtu wake, mwananchi ana pa kwenda. Mawakala huwa ni ndugu, majirani na vijana wa boda.

Mleta mada
Hata huyo mwenye hasira ningempigia. Swali langu kwako, jirani: hao 1,000 nani anahakiki kwamba hakuna marehemu kati yao?